Mkono Mgumu ni Kiziwi

Haya ndiyo niliyosema Jumamosi iliyopita kwenye siku ya wazazi ya klabu yetu ya kung fu. Walioshindwa kufika wameomba, kwa hiyo nayaweka yote kama yalivyotoka mdomoni. Picha nilizokuwa nikionyesha ukutani nimeziacha.

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, karibuni. Vijana, hamjambo? Mbona sauti za wenye njaa? Hamjambo! Haya, sasa nimewasikia.

Wiki tatu zilizopita mama mmoja alikuja kumchukua mwanawe mazoezini. Yupo hapa ndani, na ameniruhusu nisimulie mradi nisimtaje jina. Alisimama mlangoni kama dakika kumi, mkoba begani, anatazama. Halafu akaniita pembeni. "Mwalimu," akasema, "mimi nalipa ada mtoto ajifunze kung fu. Nimekuta wanasuguana mikono kama wanaosukuma chapati. Ngumi wanafundishwa lini?"

Nilicheka. Lakini usiku sikulala vizuri, maana nikajiuliza: hivi nimewahi kuwaeleza wazazi zoezi lile ni la nini? Sijawahi. Miaka yote hii, sijawahi. Kwa hiyo hotuba ya leo ni jibu la mama yule, na wengine mnasikiliza kwa hisani yake.

Na kwanza nimpe haki yake. Hakukosea sana. Zoezi lile ni la Wing Chun, mtindo wa kung fu wa kusini mwa China, na kwa Kikantoni linaitwa poon sao, mikono inayoviringika. Chapati kabisa! Nalo ni sehemu ya zoezi kubwa zaidi, chi sao, mikono inayonata. Watu wa taiji, mtindo mwingine wa kung fu, kule kaskazini, wana la kwao linaitwa tuishou, kusukumana mikono. Majina mbalimbali, jambo moja. Watu wawili wamegusana mikono, na kila mmoja anajaribu kumsikia mwenzake kabla mwenzake hajafanya analotaka kufanya.

Nimesema kumsikia. Sikuteleza ulimi.

Ninyi mnasemaje mkishikwa na baridi? Nasikia baridi. Mtoto akiumwa tumbo? Nasikia maumivu. Nasikia njaa, nasikia usingizi, nasikia kizunguzungu. Kiswahili chetu hakikuyapa masikio peke yake kazi ya kusikia. Kiliupa mwili mzima. Sasa nisikilizeni. Wachina wa taiji, uwezo huu wa kutambua nguvu ya mtu kwa kumgusa wanauita ting jin. Ting ni kusikiliza. Sisi na wao hatukuulizana, tumekutana neno moja. Kwa hiyo kijana wa Kiswahili anayejifunza kung fu ana bahati: neno la kumwelekeza lipo tayari mdomoni mwake tangu utotoni.

Tatizo ni kwamba mkono wake hausikii. Na hausikii kwa sababu ni mgumu. Mkono mgumu ni kiziwi. Nitalirudia hili mpaka mchoke: mkono mgumu ni kiziwi.

Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa mshipi. Wa nyavu wanajuana wenyewe, yeye alikuwa wa mshipi. Nilipokuwa na miaka kama tisa alinichukua kwenye ngalawa, akanipa uzi, ndoana, chambo cha ngisi, na chubwi la risasi la kuzamisha. Nikaukamata ule mshipi kama mtu anayevuta ng'ombe, nimekunja ngumi, nimekaza meno. Baada ya muda mjomba akavuta wake, samaki aina ya changu. Akavuta tena, changu mwingine. Mimi nikipandisha, ndoana tupu. Chambo kimeliwa na mimi sina habari.

Mara ya nne akanishika mkono, akanifungua vidole kimoja kimoja. Akaulaza uzi juu ya kidole cha shahada, hivi, umepita tu, na kidole gumba kikiuzuia kwa chini usiteleze. Akasema, "Sasa niambie, hilo ni nini?" Nikasema, wimbi. "Na hilo?" Chubwi linagonga jiwe. "Na hilo?" Nikanyamaza. Kulikuwa na kitu kidogo mno, kama mtu anakukuna ukucha kwa unywele. Mjomba akatabasamu. "Huyo anaonja."

Jamani, samaki yule alikuwa pima kumi na kitu chini ya maji! Sikumwona. Hata ningekuwa na macho ya kozi nisingemwona. Nilimsikia kwa kidole, na nilimsikia siku nilipoacha kuukaba uzi.

Sasa msiniamini kwa maneno. Wote, wazee pia, nyoosheni mkono wa kulia mbele. Fumbeni macho. Kunjeni ngumi, kazeni, kazeni kwa nguvu zote mpaka mkono utetemeke. Jirani yako wa kushoto akuwekee kidole kimoja juu ya kigasha, taratibu, aanze kukandamiza kidogo kidogo. Wewe sema "sasa" ukitambua amekandamiza. ... Haya. Legezeni. Mkono uwe kama umelala juu ya maji. Rudieni.

Nimesikia minong'ono. Mmeona wenyewe?

Hili halina uchawi wala haliko China peke yake. Mjerumani mmoja wa Leipzig, Ernst Heinrich Weber, miaka ya 1830 aliwapimisha watu mizigo mikononi. Akagundua kwamba ili mtu atambue uzito umeongezeka, nyongeza yenyewe lazima iwe kwa kadiri ya mzigo alionao: mzigo mkubwa, nyongeza kubwa. Umebeba kikombe cha kahawa, nikidondosha shilingi ndani unajua. Umebeba gunia la mahindi mgongoni, nikiitupia shilingi ileile juu ya gunia, utajuaje? Msuli uliokazwa ni gunia. Mwenye mkono mgumu amejibebesha gunia mwenyewe, halafu anataka asikie shilingi ikidondoka.

Wachina wanayo hadithi yao ya jambo hili. Karne ya 19 alikuwepo Yang Luchan, aliyejifunza taiji katika kijiji cha Chenjiagou, mkoa wa Henan, kisha akaipeleka Beijing. Inasimuliwa, na wengine humtaja mwanawe badala yake, kwamba alikuwa akiweka shomoro kiganjani, kiganja wazi, na shomoro hawezi kuruka. Kwa nini? Kwa sababu ndege haruki bila kujisukuma kwa miguu. Kila shomoro alipokanyaga ili ajirushe, kiganja kiliteremka kiasi kilekile. Akawa anakanyaga hewa. Mimi hadithi hii naipenda, ingawa shomoro nimejaribu naye na aliruka. Tena akaniachia kumbukumbu kiganjani. Lakini iangalieni vizuri: haisemi Yang alikuwa na nguvu, wala haisemi alikuwa mwepesi. Inasema alimsikia ndege akikusudia kuondoka.

Ndipo tunafika kwenye swali la vijana. Vijana wanapenda spidi. "Mwalimu, nifanye nini niwe fasta?" Kila mwaka, swali hilohilo. Haya, tuzungumze spidi.

Kijana mwenye afya, ukimwashia taa naye abonyeze kitufe, atachukua kama milisekunde 200, au 250. Milisekunde ni sekunde moja iliyokatwa vipande elfu. Ukimgusa badala ya kumwashia taa, mara nyingi hujibu karibu na 150. Ngozi inalitangulia jicho. Na ipo njia fupi kuliko hiyo. Msuli ukivutwa ghafla, hujibu wenyewe kupitia uti wa mgongo, haungoji ubongo utoe kibali. Kwenye mkono jibu hilo huanza ndani ya milisekunde zisizofika 50. Daktari akikugonga goti kwa kinyundo, mguu unaruka bila kukuomba ruhusa. Ndiyo hiyo.

Sasa mtu amesimama karibu nawe, umbali wa mkono. Ngumi yake haina safari. Ukingoja jicho lione, likapeleke habari, habari ijadiliwe, uamuzi ushuke begani, ngumi imeshafika, imeshakaa, imeshaagiza chai. Umbali ule jicho limeshachelewa.

Lakini subirini, maana hapa ndipo wengi wanapotea njia. Spidi haitoki kwenye ngozi tu. Mwingereza anayeitwa Hick alifanya majaribio akayachapisha mwaka 1952. Aliweka taa, kila taa na kitufe chake. Kadiri taa zilivyoongezeka, ndivyo mtu alivyochelewa kubonyeza kitufe sahihi. Taa mbili, upesi. Taa kumi, unaduwaa. Na sisi walimu tunafanya nini? Tunamfundisha mtoto kinga kumi na tano za ngumi moja, halafu tunamlaumu kwamba ni mzito! Si mzito. Tumemjazia taa.

Mikono ikigusana, taa nyingi zinazimika zenyewe. Mkono wako uko juu ya wangu, kwa hiyo najua ulipo, sihitaji kuutafuta. Unasukuma? Unavuta? Unashuka? Unaondoka? Ni hayo tu. Na kila moja lina jibu moja.

Naomba vijana wawili mbele. Wewe, na wewe, binti. Vueni viatu. Waonyesheni wazazi polepole, mkono mmoja tu.

Tazameni. Binti mkono wake wa kulia, kiganja kinatazama dari, kiwiko kimeingia mbele ya tumbo, na kati ya kiwiko na mwili inaenea ngumi moja. Hiyo ni tan sao. Kijana mkono wake wa kushoto umelala juu, kifundo juu ya kifundo, vidole vimelegea. Hiyo ni fuk sao. Binti anageuza kiganja, kofi linaelekea kifuani. Kijana hatazami, anasikia kifundo kimegeuka chini ya kifundo chake, anashusha kiwiko, kofi linazama. Palepale anapiga ngumi ya uso. Binti anainua kiwiko, mkono unakuwa bawa. Bong sao. Wanarudi mwanzo. Basi, limekwisha.

Hilo tu? Hilo tu. Mimi mwalimu wangu alinikalisha kwenye hilo tu miezi minne. Nilimchukia, Mungu anisamehe. Mwezi wa pili nikaanza kudanganya: najua baada ya kofi inakuja ngumi, basi nainua bawa mapema. Siku moja akapiga kofi, mimi nikainua bawa, na ngumi haikuja. Alinitazama nimeinua mkono kama kuku anayejikausha mvua. Akasema, "Unamjibu nani?"

Vijana, nisikilizeni hapa. Kujua kinachofuata siko kusikia. Mtu anayekariri zoezi ni sawa na anayeitikia "amina" kabla dua haijaisha. Ndiyo maana baada ya wiki kadhaa tunavuruga mpangilio, na baada ya miezi kadhaa tunafumba macho. Kufumba macho hakuna maajabu yoyote. Jicho lina kiherehere, linapenda kujibu swali lililoulizwa ngozi, kwa hiyo tunalinyamazisha kidogo mpaka ngozi ijifunze kusema.

Kuna msemo wa Wing Chun, nautafsiri ninavyouelewa mimi: kinachokuja kipokee, kinachoondoka kisindikize, mkono ukiachiwa uende mbele. Ukarimu mtupu huo, mgeni anapokelewa na anasindikizwa! Cha mwisho ndicho kigumu kueleza. Mkono ukiachiwa uende mbele. Vipi?

Nani hapa hajawahi kuchapwa na tawi? Mnapita njia ya shambani, aliyetangulia analisukuma tawi kwa kifua, anapita, anasahau kuna mtu nyuma. Pwaa! Lile tawi lilikuona? Lilikuchukia? Liliamua? Lilikuwa linasukuma muda wote, taratibu, na kilichokuwa mbele yake kikaondoka. Mkono kwenye chi sao ni tawi hilo. Unasukuma kidogo kuelekea katikati ya mwenzako, kidogo sana, asiweze kuegemea. Akiuondoa mkono wake njiani, wako umeshafika. Hukuamua kupiga. Hakukuwa na taa ya kungojea.

Aliyeyaeneza haya kuliko wengi anaitwa Ip Man. Alizaliwa Foshan, kusini mwa China, mwaka 1893. Akahamia Hong Kong akiwa mtu mzima, na mwaka 1950 akaanza kufundisha kwenye chama cha wafanyakazi wa mikahawa. Hebu fikirini: hana mali, umri unakaribia sitini, wanafunzi ni wahudumu wanaotoka kazini wamechoka miguu. Hong Kong yenyewe ni vyumba vidogo, watu wamebanana kama dagaa. Mateke ya kuruka utayarukia wapi? Zoezi la kusimama watu wawili wakigusana mikono linatosha hata ukumbini. Miaka ileile ya 1950 akapita hapo kijana Bruce Lee, ambaye baba zenu wanamkumbuka kutoka sinema. Naam, mzee pale anacheka, anamkumbuka.

Mwishoni mwa maisha yake, mwaka 1972, Ip Man mgonjwa, amekonda, alipigwa picha za filamu akifanya mazoezi yake. Alifariki Desemba mwaka huohuo. Filamu ile ninaitazama mara kwa mara, na kila mara naangalia mabega. Hayajapanda. Mzee yule ni mgonjwa sana na hakuna kitu kimekazwa pale.

Sasa ngoja niseme ukweli usiopendwa, maana wazazi mkiondoka hapa mkidhani kushikana mikono ndiko kupigana, nitakuwa nimewauzia mbuzi ndani ya gunia.

Baada ya miaka minne ya chi sao nilijiona nimeiva. Rafiki akanipeleka kwenye ukumbi wa ndondi, mji wenyewe na ukumbi wenyewe tuache. Wakanivalisha glavu, wakanipa kijana mwembamba, mkimya, ana heshima, aliniamkia kabisa. Kengele ikalia. Nikanyoosha mikono yangu nikitafuta mkono wa kunata nao. Mkono gani? Ngumi yake ya kushoto ilikuja ikarudi kabla sijajua ilikuwepo. Ikaja tena. Inanusa, inarudi. Inanusa, inarudi. Nilikuwa na mikono inayosikia na hakuna cha kusikia. Dakika mbili, pua inatiririka. Yeye akaniomba radhi.

Chi sao inaanzia mikono ikiwa imeshagusana. Nani amekuhakikishia kwamba adui ataanzia hapo? Wazee wa Wing Chun hawakuwa wajinga, walilijua hilo. Hatua ya pili ya mtindo wao inaitwa Chum Kiu, kutafuta daraja. Daraja ni pale mikono inapokutana. Jina lenyewe linasema daraja litafutwe! Mimi nililipuuza, nikakaa miaka minne juu ya daraja nililojengewa na mwenzangu mwema.

Ndiyo maana kwenye klabu hii kila kipindi kina dakika 15 za mwisho ambazo wadogo wanaziogopa. Glavu, kinga ya meno, mnaanzia mbali, na mwenzako hana adabu. Unaingia, unapata mguso wa nusu sekunde, na hiyo nusu sekunde ndiyo tuliyokuwa tunaifanyia kazi saa nzima. Baada ya hapo mguso umekwisha, tafuta mwingine. Mwalimu anayewafungia wanafunzi kwenye kuviringisha mikono miaka na miaka, bila kuwaonyesha ngumi ya mtu asiyewapenda, kwa maoni yangu anawadhulumu. Wapo watakaokasirika nikisema hivyo. Wakasirike.

Na ugonjwa wa pili ni kushindana. Vijana wa miaka 16 wakigusana mikono, dakika ya tatu wanasukumana kama mabondia waliochoka. Mmoja anakaza, mwingine anakaza zaidi, mabega yanapanda mpaka masikioni. Mmekuwa magunia mawili. Binti huyu mnayemwona yuko darasa la sita na hafiki kilo 35. Mwezi uliopita alimkalisha chini huyuhuyu kaka aliyesimama naye. Usione haya, kijana, hata mimi amenikalisha. Unajua alifanya nini? Hakufanya kitu. Kaka alimwegemea, naye akaondoka pale alipoegemewa. Aliyeegemea ukuta usiokuwepo, analalamika kwa nani?

Mkono mgumu ni kiziwi. Na aliyeegemea amekuwa mgumu mwili mzima, kuanzia kisigino.

Muda umekwenda, na harufu ya pilau imeshanifikia, najua nimebaki na masikio machache. Vijana, sogezeni viti ukutani, tutabaki na mkeka wa katikati. Mzazi anayetaka kujaribu ajaribu, hatuangushi mtu leo. Wenye pete na bangili wazivue, zinakwaruza.

Mama uliyeuliza, karibu mbele. Usiogope, hutapigana na mimi. Utashika mkono na mwanao. Mwanangu, njoo, mwekee mama kifundo juu ya kifundo. Hivyo. Mama, legeza bega. Lingine pia. Fumba macho. Sasa niambie anapoanza kusukuma.